Mstari wa Hina Chini ya Goti

Ijumaa, mchana. Jua la kupasua vichwa, upepo wa ziwani haujafika huku kwetu tangu asubuhi.

Mama ametoka kutafuta taksi yenye mafuta. Siku hizi mjini hapa hiyo ni kazi ya mtu mwenye miguu mizuri na maombi mengi, kwa hiyo nina muda wa kuandika. Begi liko mlangoni: kanga, mswaki, picha za mgongo wangu ndani ya bahasha yao kubwa. Leo narudi hospitali. Wakikubali kuniona, watanipasua tena, na safari hii naenda kuomba mwenyewe.

Nimekasirika. Nililiandika neno hilo nikalifuta, nikaona ni ujinga kuficha, nimelirudisha. Nimekasirika mpaka meno yananiuma.

Kwa anayefika kwenye ukurasa huu mara ya kwanza: naitwa Dija, naishi mtaa wa Nyakabiga na mama yangu, kazi yangu ilikuwa kusuka nywele. Nilipokuwa darasa la sita mgongo ulianza kupinda, bega moja likapanda, jingine likashuka, na kila mwaka ukazidi hadi nikawa nahema nikipanda ngazi tatu tu. Mwanzoni mwa mwaka huu nikapasuliwa. Waliufungua mgongo kutoka chini ya shingo mpaka kiunoni, wakaweka vyuma viwili virefu na skrubu za kuvishika, wakaunyoosha. Nilizinduka nimenyooka.

Nilizinduka pia na mguu wa kushoto ambao si wangu.

Sijui niuelezeje mguu huu bila kutukana. Kuanzia kiunoni mpaka chini ya goti ni moto. Kuna mtu humo ndani, ana kisu butu, na hana haraka. Anachuna, anapumzika, anachuna tena. Mara moja moja anaacha kisu na kushika waya wa umeme, na hapo mimi huruka kitandani na kurudi chini bila kupenda. Shuka likinigusa paja napiga kelele. Juzi nzi alitua pale, nikampiga kwa ndara, yeye akaondoka zake na mimi nikabaki nauma mto mpaka ukatoa pamba.

Wayo, kwa upande wake, umekaa kimya. Wayo na vidole vyote havina habari. Vinaning'inia, vinaburuta sakafu, na ndara ikivuka mimi siwi na taarifa. Nimewahi kufika chooni na ndara moja na nyingine imebaki sebuleni, mama akaiokota akacheka, nikacheka naye.

Daktari alinieleza vizuri, siwezi kusema hakunieleza. Mgongo uliozoea kupinda ukinyooshwa, mishipa ya fahamu nayo inavutwa, na skrubu moja inaweza kukaa karibu mno na mshipa na kuugandamiza. Mingine inaamka yenyewe baada ya miezi, mingine haiamki. Akasema atakuwa ananipima kwa pini. Ganzi ikibaki wayoni, tutangoja. Ikianza kupanda, itabidi wafungue haraka, watoe skrubu, pengine na vyuma vyote.

Nikamuuliza, vyuma vikitoka mgongo utarudi ulivyokuwa? Akasema unaweza kurudi.

Hapo ndipo nilipoanza kudanganya.

Aliponipima aliniambia nifumbe macho na kila nikisikia pini niseme "oui", ndiyo ya Kifaransa. Nilifumba macho ya kike, yale ya kuacha upenyo chini ya kope. Kila nilipouona mkono wake ukishuka nilisema oui. Kidole gumba, oui. Kisigino, oui. Nilisema oui kwa sauti ya mtu anayeumwa kidogo, nikakunja na uso. Daktari alifurahi. Akaandika, akaniambia niendelee na mazoezi ya viungo, ya kiné, akampa mama mkono. Mama akasema alhamdulillah njia nzima mpaka nyumbani.

Nitasema kwa nini, halafu mniite mnavyotaka.

Fundi wangu wa nguo, tangu nikiwa msichana, alikuwa ananishonea gauni lenye bega moja la sifongo na pindo refu upande mmoja, ili nikisimama lionekane sawa. Hakuwahi kunisema, alikuwa anafanya tu. Baada ya operesheni nilimpelekea kitenge, akanipima, akapima tena, akakaa chini. Akanishonea gauni la kawaida, mabega mawili sawasawa. Nililivaa kwenye arusi mtaa wa Buyenzi. Mama alitembea nyuma yangu makusudi, na kila mwanamke aliyekutana naye alimwonyesha mgongo wangu kwa kidevu. "Mumuone mutoto wangu! Si huyu muliyekuwa munacheka?" Alikuwa analia na kucheka pamoja. Nilikuwa na mkongojo, mguu unaburuta, paja linawaka, na nilijisikia mzuri kupita bibi arusi.

Mtu anipokonye hilo kwa sababu ya vidole vitano? Niliapa hapana.

Sasa twende Jumanne.

Mama aliona mazoezi hayaleti kitu, akamwita shangazi Mariamu kutoka Buyenzi. Ni dada wa marehemu baba. Ana kazi mbili, na zote mbili wanawake wa Buyenzi wanamwamini kwa macho yaliyofumbwa: anachora mabibi arusi hina, na anakanda waliojifungua kwa maji ya moto. Aliniangalia mguu, akasema mishipa imeshikwa na baridi, itakandwa. Mimi nilijua vizuri kwamba wayo hausikii. Nilitakiwa kusema sentensi moja tu. Lakini mama alikuwa amesimama hapo, na sentensi hiyo mama akiisikia, daktari ataisikia.

Nikajitia hamnazo. Nikanyoosha mguu.

Asiyewahi kuona kazi ya kukanda, ajue hivi: mkandaji hapimi maji kwa mkono wake. Mikono yake imeshaiva, haihisi tena. Anapima kwa kilio cha mzazi. Maji yakifika kiasi chake mzazi anapiga yowe, na hapo ndipo mkandaji anasema haya, sasa yamefaa. Asiyepiga yowe anaongezewa. Hivyo ndivyo shangazi alivyofundishwa na mama yake.

Aliweka beseni, akaweka maji na majani ya mpera, akazamisha wayo wangu mpaka kwenye vifundo. Ulowe kwanza, alisema, kabla ya kuukanda. Mimi nilikuwa kwenye simu.

"Unasikia?"

"Nasikia."

Akaongeza kutoka kwenye sufuria. Mvuke ukapanda mpaka usoni kwangu.

"Na sasa?"

"Nasikia, shangazi. Iko vizuri."

"Mutoto wa kaka yangu, we ni mwanamuke wa nguvu," akasema, na akaongeza tena. Nilikuwa natazama video ya mtu anapika pilau.

Mama aliingia na chai. Sinia lilianguka kabla sijaelewa anachopigia kelele. Nikatazama chini, nikainua mguu, na shangazi akaupokea kwa taulo. Ngozi ya juu ya wayo ikabaki kwenye taulo. Ilivuka yote pamoja, kama ganda la nyanya iliyochovywa maji ya moto, na chini yake palikuwa pekundu na peupe na panalengalenga maji.

Sikusikia chochote. Nilikuwa namwangalia mtu mwingine akichunwa, na mtu huyo ni mimi.

Naandika kilichofuata jinsi kilivyokuwa. Nilishika mkongojo wa chuma na nikampiga shangazi yangu. Mpigo wa kwanza ulimpata kwenye mkono wa kulia, mkono alionyanyua kujikinga, na nilisikia mfupa unavyoitika. Wa pili begani. Nilipiga beseni likapinduka, maji yakamrukia mama miguuni. Nilimwita shangazi mchawi. Nilimwambia alikuja kunimaliza kama alivyokuwa anataka tangu baba afe, jambo ambalo halina hata chembe ya ukweli, sijui lilitoka wapi. Nilitaka kupiga wa tatu, nao ungempata kichwani. Mama alining'ang'ania kiunoni, kwenye vyuma, tukaanguka wote wawili kwenye maji yale, na paja langu likapiga sakafu. Hapo ndipo nilipopiga yowe. Nililia kama mnyama.

Shangazi hakunijibu tusi hata moja. Alisimama ukutani ameshika kiwiko, jasho linamtoka, ananiangalia kwa mshangao wa mtu ambaye kazi yake imemgeuka.

"Juu ya nini haukulia?" aliniuliza. "Maji ile ni ya kuua kuku. Juu ya nini haukulia?"

Akavaa mtandio wake kwa mkono mmoja, akaondoka kwa miguu mpaka Buyenzi.

Mama alikaa kwenye maji, kanga imelowa. "Ulikuwa unasikia ao haukusikia?"

Nikavuta taulo kufunika mguu. Akanipiga kofi. Mama yangu hajanipiga tangu mgongo uanze kupinda, alikuwa anaogopa kuuvunja. Alinipiga la pili upande wa pili, kisha akaenda kuita muuguzi wa dispensari ya mtaani aje kunifunga kidonda. Muuguzi akauliza kama inauma sana. Nikamwambia inauma.

Ndiyo. Hata hapo.

Jumatano shangazi alirudi. Nilisikia sauti yake uani nikavuta shuka mpaka puani, na shuka likaniadhibu. Alikuwa amefunga mkono kwa kitambaa na vipande vya mti, umevimba mpaka vidole vimekuwa vya mtu mnene. Alimtoa mama chumbani, akafunga mlango, akakaa kitandani kwangu. Nilifikiri amekuja kulipiza, na naapa ningemwacha.

Alivua kitambaa cha kichwa na kunifunga macho. Akakaza fundo kwa meno, maana mkono mmoja haukuwa unafanya kazi. Giza kweli, si la kuchungulia.

"Leo hautaona kitu. Ukisikia, sema. Usiposikia, nyamaza."

Nikangoja. Nje wanafunzi wa chuo walikuwa wanapita wanabishana kwa Kifaransa. Nikangoja wakapita wote. Nilifikiri anatafuta pini, au amekasirika ananichosha tu makusudi, na uchovu wa kungoja ukanitia hasira tena.

"Shangazi, utaanza lini?"

Muda kidogo tena, na ghafla kisu kikaingia, katikati ya muundi, kwenye mfupa wa mbele wa mguu. Nikapiga yowe na kuitukana pini na aliyeizua.

Akanifungua macho. Niliangalia mguu. Kutoka pale bandeji inapoishia, vitone vya damu vilikuwa vimepanda kwa mstari, kimoja baada ya kingine, hadi katikati ya muundi. Vitone vyekundu, vidogo, safi, kazi ya mtu anayejua kutia nakshi. Wakati wote nilipokuwa namngoja aanze, alikuwa ananichoma.

Ganzi haikuwa wayoni tena. Sijui ilitoka lini. Nilikuwa na kazi nyingi ya kusema oui.

Shangazi alitoa hina kwenye mkoba, ile ya kwenye karatasi iliyoviringwa, akachora mstari kuuzunguka mguu pale nilipopiga yowe. Alichora kwa mkono wa kushoto. Mwanamke huyu huchora maua kwenye mikono ya mabibi arusi bila kupepesa, na mstari wake juu yangu ulipanda na kushuka kama wa mtoto wa chekechea. Mkono wa kulia nilikuwa nimeuvunja mimi.

"Hii haitoki na sabuni," alisema. "Muganga wa hospitali akikuuliza, weye nyamaza, muguu itasema. Na ganzi ikipita mustari, usingoje mutu."

"Shangazi, mkono wako..."

"Mukono yangu itapona. Na muguu yako?"

Akaenda. Hakumwambia mama, aliniachia mimi.

Na mimi nikafanya nini? Nilivaa soksi ndefu. Alhamisi yote nilivaa soksi ndefu katika joto hili, mama akidhani ni kwa ajili ya bandeji. Alipoenda sokoni nilikaa bafuni na ndimu na chumvi na gunzi, nikausugua ule mstari. Chini yake sikusikia kitu, juu yake niliona cha mtema kuni, na nikaendelea kusugua. Nilisugua mpaka ngozi ikachubuka. Hina ilikuwa imekolea tu, imekuwa nyeusi zaidi kuliko jana yake.

Leo asubuhi niliamua kumwonyesha shangazi kwamba amekosea. Ndivyo nilivyojiambia. Mama alikuwa uani anafua. Nilijifunika kanga kichwani, kwa sababu macho yangu siyaamini tena, nikashika pini na kuanza kwa kupapasa. Chini ya mstari, hakuna. Juu ya mstari, hakuna. Nikapandisha kidogo, hakuna. Nikaingiza kwa nguvu. Hakuna. Hapo nikashikwa na kichaa, nikachoma, nikachoma, nikachoma, natukana kwa Kiswahili na Kirundi, mpaka pini ikagota kwenye mfupa na kupinda.

Nilivua kanga. Damu ilikuwa imeshuka hadi kwenye bandeji. Vidole viwili vizima juu ya hina, nyama yangu ilikuwa imetobolewa kama chungio, na haikuwa na la kusema.

Iko njiani inapanda. Inaelekea kwenye goti, kisha kwenye paja. Ule moto ninaoutukana kila siku ndiyo sehemu iliyobaki hai, na inaliwa kutoka chini.

Nilisimama mbele ya kabati la mama lenye kioo. Niligeuka, nikautazama mgongo wangu. Umenyooka kweli. Kovu limeshuka katikati, mabega yako sawa. Niliutazama kwa muda mrefu, kama mtu anayeaga abiria. Halafu nikakipiga kioo kwa mkongojo, nikakipiga tena kilipokuwa chini, na nikapiga lile yowe ambalo shangazi alilingoja Jumanne kwenye beseni. Nililia kwa sauti yote niliyonayo. Majirani walitoka. Mama aliingia na povu la sabuni mpaka viwiko.

"Mama, mi sisikii," nilimwambia. "Hii muguu sisikii. Hata siku ile kwa muganga sikusikia. Nilikuwa naangalia mukono yake."

Aliinua mkono, nikauona, nikangoja kofi. Mkono ulikaa hewani. Kisha ukanishika kisogo, akanivuta kifuani, povu likaniingia masikioni.

"Nitakuzaa mara ngapi?" alisema. "Mi nilitaka upumue. Nani alikuambia nilitaka unyooke?"

Lakini alitaka, na mimi pia. Hatukubishana. Aliogopa kunikumbatia kwa nguvu, akaniachia, akavaa viatu vya kanisani vya jirani vilivyokuwa karibu, akakimbia barabarani.

Nimempigia shangazi mwenyewe. Niliomba radhi kwenye simu, vibaya, kwa kwikwi, nikisema mkono, mchawi, baba, vyote kwa pamoja. Alingoja nimalize. Akauliza ganzi imefika wapi. Nikamwambia vidole viwili juu ya mstari. Akasema anakuja.

Ninachotaka kusema kwa daktari nimekiandaa, lakini najijua. Najua nikilala kwenye kile kitanda cheupe, na yule mtu mpole akaniambia nifumbe macho, nitaacha upenyo. Kabla ya kuwa mkweli kwa siku moja nimekuwa mwongo kwa miezi. Na hofu yangu haijaenda popote. Naweza kuamka nimepinda. Naweza kuamka nimepinda na mguu usirudi vilevile. Hilo nalo daktari aliwahi kulisema, na siku ile sikulisikia.

Kuna honi nje. Namsikia mama anamwambia dereva asizime gari. Na shangazi ameingia, mkono umefungwa shingoni, kichwani amejifunga kile kitambaa cha Jumatano.

Nimemwambia akivue aje nacho mkononi. Anifunge macho mbele ya daktari, akaze fundo kwa meno kama juzi.

Ameniuliza kama naogopa.

"Naogopa, shangazi."

"Basi lia," amesema. "Leo lia kabisa, tujue maji imefika wapi."